Kisanduku Alichokibonyeza Noelie

"Imekataliwa! Noelie! Njoo uone, imekataliwa!"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi na Verlie Papillion alikuwa jikoni anakaanga vitunguu vya mchuzi. Simu iliyokuwa juu ya friji ililia mara moja tu, akaisoma, akapiga ukelele uliomtoa paka mbio kupitia dirishani. Dakika ishirini kabla ya hapo alikuwa ametuma ritani yake ya kodi, ile fomu ya mapato ya mwaka, kwa simu hiyo hiyo, akabusu kioo, akaanza kuimba. Sasa mwiko uko sakafuni, vitunguu vinaungua, na yeye anasoma kwa sauti kubwa maneno ya kompyuta ya serikali: mtu uliyemwandika kuwa tegemezi wako tayari ameandikwa kwenye ritani nyingine.

"Nyingine ipi?" alifoka. "Nimezaa mtoto mmoja! Mmoja tu! Ritani nyingine ya nani?"

Noelie alitokea mlangoni na kikapu cha nguo chafu alizotoka nazo chuoni. Miaka kumi na tisa, mrefu kuliko mama yake, mwaka wa pili akisomea uuguzi. Alisoma ule ujumbe mara moja, akarudi kuusoma tena, kisha akaanza kukunja soksi chafu mbili mbili. Mama mwenye utulivu angeshangaa hapo hapo. Verlie hakuwa na utulivu wowote.

"Baba yako," alisema. "Ni Dalton huyu. Miaka kumi na mmoja hajanunua hata kalamu, leo anajua kukuandika kwenye kodi!"

"Mama, subiri kwanza..."

"Nisubiri nini? Hebu zima hilo jiko!"

Ili mnielewe jinsi moto ulivyowaka, lazima niwaambie kuhusu dola elfu nne mia nane na sabini. Ndilo deni la bweni na chakula lililobaki chuoni, na chuo kilikuwa kimemfungia Noelie usajili. Lisipolipwa kabla ya saa kumi jioni tarehe moja Mei, hawezi kujiandikisha kwenye darasa la mazoezi ya hospitali, na darasa hilo lina viti ishirini na nne tu. Anayekikosa kiti anangoja mwaka mzima, na anayengoja mwaka mzima anapoteza ufadhili wa jimbo. Verlie hakuwa na pesa hiyo. Mshahara wake wa kinu cha mpunga, dola elfu ishirini na tisa na mia nne kwa mwaka, uliisha kabla haujafika. Alichokuwa nacho ni marejesho ya kodi, pesa ambayo serikali humrudishia mtu baada ya kutuma ritani. Huku kwetu Louisiana Februari ndio mwezi wa magodoro na matairi, kila mtu ananunua kitu kwa marejesho, na Verlie alikuwa ameapa kwamba yake hayatanunua hata leso.

Kwa hiyo alimpigia Dalton, akaweka spika ili dunia isikie.

"Mwizi wewe! Umemwandika mtoto wangu kwenye kodi yako!"

Dalton alikuwa kazini, kwenye mtambo wa mafuta baharini, na nyuma yake mashine zilikuwa zinanguruma. "Verlie? Nani amekufa?"

"Wewe ndiye utakayekufa! Namba ya kodi ya Noelie umeipata wapi?"

"Namba gani? Verlie, mimi hata tarehe yake ya kuzaliwa naikumbuka kwa sababu ni siku moja na ya mbwa wangu!"

"Msikieni! Mbwa! Shenzi kabisa wewe!" Alimtukana kwa Kiingereza, akaongeza kwa Kifaransa cha bibi yake, ambacho kwa matusi hakina mpinzani, kisha akakata. Alipogeuka, Noelie alikuwa amekaa sakafuni katikati ya soksi, machozi yanamtiririka.

"Ni mimi, Mama."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyejiandika. Wiki mbili zilizopita, bwenini. Wasichana wote walikuwa wanafanya kwa simu, eti dakika kumi unapata pesa. Ikauliza, je, kuna mtu anayeweza kukuandika kuwa tegemezi wake? Nikabonyeza kisanduku cha hapana." Alijifuta kwa soksi. "Nafanya kazi, Mama. Nauza kuku kwenye dirisha la mgahawa usiku na mchana. Nina miaka kumi na tisa. Nikasema, mimi simtegemei mtu."

"Ukapata ngapi?"

"Dola mia na arobaini na tatu."

Verlie aliketi kwenye kiti. Alimtazama binti yake. Nguo zake chafu zilikuwa zimejaa kikapu, na sabuni ya kuzifulia alikuwa ameinunua nani?

"Mia na arobaini na tatu," alirudia. "Haya. Vaa viatu."

*

Maktaba ya mji wetu ina chumba cha nyuma ambako kila Jumamosi ya msimu wa kodi watu wa kujitolea wanawajazia wengine ritani bure. Unachukua kikaratasi chenye namba, unakaa kwenye kiti cha plastiki, unangoja ukiwa umepakata karatasi zako. Verlie alizileta kwenye mfuko wa mchele. Alikutana na nusu ya watu anaowajua na nusu ya watu anaowaogopa, akiwemo mke wa msimamizi wake kinuni, aliyemsalimu huku anauangalia ule mfuko.

Namba yao ilipoitwa walikuta ni Mwalimu Clotille Arceneaux, mstaafu, aliyewahi kumfundisha Verlie hesabu na kumfelisha.

"Papillion," alisema mwalimu na kushusha miwani. "Verlie. Wewe si ndiye uliyekuwa unakula penseli?"

"Ndiye, Mwalimu."

"Na huyu?"

"Huyu anakula pesa yangu," Verlie akajibu, na Noelie akatamani ardhi immeze.

Mwalimu alitaka kila kitu kwa sauti: mshahara, ameolewa au hajaolewa, mtoto analala wapi likizo. Nyuma yao foleni nzima ilisikia kiasi anachopata Verlie. Alitaja huku anatazama ukuta. Noelie aliposimulia habari ya kisanduku alichokibonyeza, mwalimu hakushtuka hata kidogo.

"Wewe ni wa tisa mwezi huu," alisema. "Kila mtoto akipata mshahara wa kwanza anajiona serikali. Sikiliza, binti. Kufanya kazi ni sawa. Lakini una chini ya miaka ishirini na minne, unasoma muda wote, kwenu ni kwa mama yako. Sheria inasema wewe ni wake. Na unajua kinachochekesha? Ungebonyeza ndiyo, ungepata hiyo hiyo mia na arobaini na tatu. Kwako hakuna kilichobadilika. Ona sasa kwa mama yako."

Alizungusha kioo cha kompyuta wakione. Verlie bila mtoto: anadaiwa na serikali dola mia sita arobaini na nne. Verlie akiwa na mtoto: anarudishiwa dola elfu tatu mia saba tisini na sita.

"Mungu wangu," alisema Noelie. "Kwa alama moja?"

"Kwa alama moja. Utarekebisha ritani yako leo, hapa hapa, mbele yangu."

Verlie alikuwa tayari anapiga hesabu kwa vidole chini ya meza. Furaha iliyompanda ilishuka ikiwa haijafika kifuani. "Haitoshi," alisema polepole. "Elfu nne mia nane na sabini, toa hiyo... Inapungua elfu moja na sabini na nne. Mwalimu, haitoshi."

"Haitoshi kulipia nini?"

Wakamwambia habari ya deni na ya kiti. Mwalimu Clotille akaikaza miwani usoni na kunyoosha mkono. "Fomu ya ada ya chuo iko wapi? Ile ya Januari?"

"Hakuna fomu iliyokuja," alisema Verlie.

"Haiji kwa posta siku hizi. Iko kwenye simu ya huyu. Fungua, binti, haraka."

Noelie alifungua. Ada na malipo ya masomo, elfu tisa mia nane. Ufadhili na ruzuku, elfu kumi na moja mia sita. Mwalimu alichukua karatasi tupu, akachora mstari katikati, na watu waliosoma kwake wanajua kwamba akichora mstari katikati amefurahi.

"Tazameni. Wasichana wa bwenini wanaona msaada umezidi ada, wanasema basi, kwetu hakuna nafuu ya kodi ya masomo, ile pesa serikali humrudishia mwenye ada ya kulipa. Wanafunga simu. Lakini misaada hii ni miwili. Huu wa jimbo, elfu tano mia nne, umefungwa, lazima ulipe ada. Ruzuku ya serikali kuu, elfu sita mia mbili, haijafungwa. Inaruhusiwa kulipa ada, inaruhusiwa kulipa chakula na kitanda. Noelie anaweza kusema, mia nne yake ililipa ada, na elfu tano mia nane nilikula na kulalia. Akisema hivyo, hiyo elfu tano mia nane inakuwa kipato chake, anaitaja kwenye ritani yake. Na upande wa mama inabaki ada ya elfu nne ambayo haikulipwa na msaada wowote. Hiyo ndiyo inayoleta nafuu."

"Yaani," alisema Noelie, macho yakimtoka, "nikijiongezea kipato, Mama anaongezewa pesa?"

"Elfu moja mia mbili na hamsini."

"Weee!"

Lakini Verlie alikuwa amesimama. Alikuwa anakusanya karatasi zake kwa mikono miwili na kuzirudisha kwenye mfuko wa mchele, nyingine zinakunjamana.

"Hapana," alisema. "Asante, Mwalimu. Hapana."

"Verlie, kaa."

"Nimeshakaa siku nyingine mbele ya mtu kama wewe! Twende, Noelie."

*

Alifika mpaka kwenye gari lakini ufunguo ulikataa kuingia. Noelie alisimama upande wa pili.

"Mama, ni pesa inayotosha! Inabaki hata!"

"Ile nayo ilitosha! Unaikumbuka ile ofisi ya kujaziwa kodi, yenye maputo ya njano? Ulikuwa darasa la saba. Yule kijana aliniambia hivi hivi: Bi. Verlie, tukijiongezea kipato kidogo hapa, serikali inatuongezea kule. Akaniandikia saluni. Mimi! Nina saluni! Siwezi kusuka hata kamba ya kiatu! Nikarudisha kila senti, na miaka miwili wakaninyima marejesho. Wewe ulidhani kwa nini tulikula mchele wa sakafuni kinuni? Barua ile ninayo mpaka leo. Wakiniona tena nimecheza na kipato, watanifunga."

Noelie hakuwa anajua. Alikuwa amekula ule mchele akidhani mama anaupenda.

Mlango wa maktaba ulifunguka na Mwalimu Clotille akatoka kwa fimbo, nyonga moja mbovu, kijitabu kimebanwa kwapani, akashuka ngazi moja moja huku anaita. Foleni yote ilijipanga dirishani kutazama. Alipofika kwenye gari alikiweka kijitabu juu ya boneti.

"Hiki ni cha serikali yenyewe. Ukurasa nimeukunja. Usinisikilize mimi. Soma."

"Mwalimu, mimi na kusoma..."

"Nilikufelisha hesabu, sikukufelisha kusoma. Soma kwa sauti."

Verlie alisoma. Alisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata, gari zikipita, jua likiwachoma wote watatu. Palikuwa na mfano wa mwanafunzi mwenye ruzuku, na palikuwa na sentensi kwamba mwanafunzi anaweza kuchagua kuihesabu kuwa ililipa gharama za kuishi, na nafuu ikaongezeka. Alirudia sentensi hiyo mara tatu.

"Hiyo saluni ilikuwepo?" aliuliza mwalimu.

"Haikuwepo."

"Noelie alikula mwaka jana?"

"Alikula! Unamwona!"

"Alilala kitandani? Risiti za bweni zipo?"

"Ninazo zote," alisema Noelie. "Zimepita elfu tano mia nane mbali sana."

"Na yule kijana wa maputo, alitia saini yake kwenye ritani yako?"

Verlie alifikiri. "Hapana. Alinipa mimi kalamu."

"Basi ya leo ina namba ya kituo chetu, iko wazi. Wakiwa na swali wajue pa kutupata. Noelie ataandika kipato cha elfu tisa mia saba, mshahara wake na hiyo ruzuku. Serikali kuu haitamtoza kitu, hajafika kiwango. Jimbo litamtoza kama dola tisini na sita. Sikufichi hilo."

"Nitalipa mimi," Noelie alisema upesi. "Mia na arobaini na tatu bado ninayo. Nilikuwa naogopa kuitumia."

Verlie alimtazama binti yake, akamtazama mwalimu, akatazama lile dirisha lililojaa nyuso, na hasira ikamtoka yote kwa mkupuo akaanza kucheka. "Nyie mnatazama nini?" aliwapigia kelele watu wa dirishani. "Shikeni foleni! Nafasi yangu bado ni yangu!"

Walirudi ndani. Elfu tano na arobaini na sita, kioo kilisema. Noelie alipiga meza kwa ngumi zote mbili. Ritani yake ya marekebisho ilikwenda kwa kompyuta papo hapo, ila ya Verlie, kwa kuwa namba ya Noelie ilikuwa imeshatumika, ilibidi ichapishwe, itiwe saini kwa wino, iende kwa posta. Wiki sita, alisema mwalimu. Pengine nane.

"Nane ni lini?" Verlie aliuliza.

Mwalimu alihesabu kwenye kalenda ya ukutani. Mwisho wa Aprili, siku mbili kabla ya mlango kufungwa.

Kwenye gari, bahasha ikiwa imepakatwa, Noelie alisema, "Mama, na Baba je?"

"Baba gani?"

"Uliyemwita mwizi."

Verlie alipiga simu kama mtu anayemeza dawa. "Dalton. Sikiliza. Haikuwa wewe. Nimekosea. Samahani."

"Sijasikia vizuri," ilijibu sauti ya baharini. "Mashine hizi. Rudia?"

"Umesikia vizuri sana, mpumbavu wewe!"

"Rudia ile samahani tu, ngoja niwaite wenzangu."

Akairudia. Noelie alicheka mpaka akaegemea mlango, na Dalton kabla ya kukata akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, mtoto anadaiwa ngapi. Aliambiwa inatosha, usijisumbue. Akasema basi vizuri.

*

Wiki nane! Kila mapumziko kinuni Verlie alifungua simu, na wenzake wakawa wanauliza kabla yake. Pasaka ilikuja ikaenda, kamba wa matope wakachemshwa uani kwa jirani, watu wakala mpaka vidole vikawaka pilipili, na yeye akanawa mikono mara tatu ili aguse simu. Inashughulikiwa, ilisema. Inashughulikiwa. Tarehe ishirini na nane Aprili viti vya darasa la Noelie vilikuwa vimebaki tisa. Tarehe ishirini na tisa, sita. Tarehe thelathini asubuhi Verlie alikuwa anashona gunia pesa ilipoingia, akaacha gunia na mashine, akamkumbatia msimamizi wake, mwanamume ambaye hakuwahi kupeana naye hata mkono.

Tarehe moja Mei alikuwa chuoni saa nane mchana na hundi ya benki ndani ya sidiria. Karani wa malipo aligeuza hundi mbele na nyuma, akaishikilia kwenye taa, akaenda nayo chumba cha ndani, akakaa huko. Verlie alisimama wima akiwa amevaa gauni la kanisani. Karani alirudi akagonga muhuri.

"Kizuizi kitaondoka kwenye mfumo baada ya muda," alisema.

"Muda gani?"

"Nusu saa. Saa moja. Inategemea."

"Saa kumi mnafunga!"

"Ndiyo, mama. Anayefuata."

Walikaa sakafuni kwenye korido, migongo ukutani, simu katikati yao. Viti vitatu, alisoma Noelie. Saa tisa na robo. Bado amefungiwa. Saa tisa na nusu, viti viwili. "Ni nani hao wanaochukua?" Verlie alinong'ona kwa uchungu. "Hawana kwao?" Saa tisa na dakika arobaini, bado viwili. Noelie alikuwa ameacha kupumua kwa pua. Saa tisa na dakika arobaini na saba, kiti kimoja.

"Nimechelewesha mimi," alisema Noelie, midomo imekauka. "Ile alama. Ningebonyeza ndiyo, pesa ingekuja Machi. Mama, nisamehe."

"Nyamaza. Fungua tena."

Akafungua. Ile alama nyekundu ya kizuizi, pale juu, haikuwepo. Ilikuwa imeondoka tu, bila taarifa, na chini yake pameandikwa jisajili, na pembeni bado moja. Kidole kikaganda.

"Bonyeza!" Verlie alipiga kelele. "Bonyeza, mwanangu, bonyeza!"

Kioo kiligeuka cheupe. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, Verlie akamshika binti yake mkono mpaka akaumia. Halafu likatokea jina lake lote, Noelie Marie Papillion, na mbele yake, namba ishirini na nne kati ya ishirini na nne.

Ukelele uliotoka hapo ulifungua milango ya korido nzima. Verlie alikuwa amesimama, ameketi, amesimama tena, gauni la kanisani limejaa vumbi, analia na kucheka na kumbusu Noelie paji la uso, macho, masikio. Mlinzi alikuja mbio ameshika redio.

"Mama! Mama, kuna nini? Nani ameumia?"

"Hakuna aliyeumia!" Verlie alimjibu, na kwa vile yeye ndiye aliyekuwa karibu, akamkumbatia naye, redio na yote. "Mwanangu amepata kiti!"